Kitengo cha mahitaji maalumu: mtihani wanaujua, ubao bado

Kila mwaka majina ya waliopata vyuo yakitoka, simu yangu haipumziki. Mara mama wa Kongwa ana kijana asiyeona amechaguliwa Ualimu. Mara binti aliyenikuta Korogwe, yeye kidato cha kwanza mimi cha nne, sasa na yeye kapata. Mara mjomba wa mtu nisiyemjua, kapewa namba yangu na mwalimu wa Buigiri. Swali lao ni moja: "Dada, hicho kitengo cha pale chuoni kinasaidia kweli?" Na wengi hawapigi, wanabipu. Jibu ni refu na salio ni langu, kwa hiyo nimeamua kuliandika mara moja. Atakayebipu tena nitamtumia hili.

Chuo sikitaji jina. Waliosoma pale watakitambua kwa mfereji tu.

Mimi ni nani hata nitoe nyota? Surua iliondoka na macho yangu nikiwa na miaka minne, nyumbani Chamwino. Nukta nundu, maandishi yetu ya kusomwa kwa vidole, nilijifunza Buigiri, shule ya wasioona iliyopo tangu 1950, halafu nikaenda Korogwe Wasichana, halafu chuo: Shahada ya Elimu, Kiswahili na Historia. Miaka mitatu nimeingia kile chumba karibu kila siku ya kazi. Watu hulala hoteli usiku mmoja wakaandika kurasa mbili za sifa na lawama, sembuse mimi.

Tuanze na mlango. Kitengo kipo ghorofa ya chini, mlango wa tatu kushoto ukipita ofisi ya mshauri wa wanafunzi. Kuwa chini ni jambo jema. Lakini kati ya njia na mlango kuna mfereji wa maji ya mvua, upana wa hatua moja, na mfuniko wake wa chuma ulikwishakwenda kwa wanunuzi wa vyuma chakavu kabla sijafika. Kila Novemba mtu wa mwaka wa kwanza anabatizwa humo. Mimi nilibatizwa siku ya pili, fimbo nyeupe mkononi, kwa sababu nilikuwa nacheka na mtu. Kijana wa kiti mwendo yeye hubebwa na wenzake kama bwana harusi, asubuhi na jioni. Nimeandika barua nne kuhusu mfuniko. Nilijibiwa moja: suala lipo kwa watu wa Milki.

Ukishavuka, umefika. Chumba kinanuka karatasi nene, mafuta ya cherehani na chai ya tangawizi. Mafuta ni ya mashine za Perkins, na chai ni ya Mama. Mama ndiye mratibu. Ana jina na cheo, lakini sijasikia mtu akivitumia. Anakutambua kwa mlio wa fimbo kabla hujabisha hodi, na ukiingia bila shikamoo anaitikia marahaba hivyo hivyo, ujione.

Kwa wasioijua, Perkins ni mashine ya chuma ya kuandikia nukta nundu. Uzito wake unakaribia kilo tano. Ina vitufe sita, kimoja kwa kila nukta, na cha nafasi katikati. Unabonyeza kadhaa kwa pamoja kama mpiga kinanda na herufi inatoka. Ilianza kutengenezwa 1951 kwenye shule ya wasioona ya Perkins huko Marekani, na mpaka leo ile ya chuma ni ile ile. Mstari ukikaribia kwisha inagonga kengele. Za pale kitengoni zipo sita na kila moja ina tabia yake: namba mbili inalia kama kikombe cha udongo, namba nne ni bubu, na namba sita kitufe cha nukta ya tatu kinakwama ukiandika haraka, hata neno "lala" linatoka "baba".

Anayezitibu ni Fundi. Kijana anayeona, aliyeajiriwa kama mhudumu wa ofisi, akajifunza nukta nundu mwenyewe kwa kuwaangalia watu wakiandika. Huyu ndiye kitengo. Akiumwa yeye, kitengo kinaumwa.

Huduma ya kwanza utakayoihitaji ni madesa, yaani notisi za mihadhara. Mhadhiri akitoa desa, kitengo kinaligeuza kuwa nukta nundu kwenye printa, au kinakuwekea kwenye flashi ukasikilize. Printa ikianza kazi unaisikia hadi korido ya pili, kama mashine ya kusaga dona. Ukurasa mmoja wa maandishi ya kawaida huzaa miwili mitatu ya nukta nundu, kwa hiyo desa la kurasa 40 unaondoka nalo begani kama mtu anayetoka gulioni. Ni bure, ila kuna ukomo wa karatasi 500 kwa muhula, na huo ukomo unaufikia hata jaribio la kwanza hujafanya. Baada ya hapo unanunua mwenyewe, na bumu, ile pesa ya mkopo, halijaingia.

Wakiletewa faili safi, kazi ni ya siku mbili. Shida ni wahadhiri. Kuna mmoja alikuwa anapiga picha kurasa za kitabu kwa simu, kidole chake kikiwa ndani ya picha (hilo niliambiwa), halafu anazitupa kwenye grupu la WhatsApp la darasa. Kompyuta ikifika pale inasema hii ni picha, basi, kana kwamba imemaliza kazi yake. Fundi anakaa kuzichapa upya moja moja. Wiki tatu. Desa linakufikia wenzako wameshalisahau. Si kosa la kitengo, lakini anayesota ni wewe.

Kompyuta zipo tano, zinazowaka tatu. Zamani zilikuwa na JAWS, leseni ikaisha, ikabaki ile ya majaribio: inakusomea skrini dakika 40 kisha inanyamaza mpaka uzime kompyuta na kuiwasha upya. Kaka zetu waliotutangulia walizoea kuandika insha kwa vipande vya dakika 40. Sasa kuna NVDA, ya bure, iliyoanzwa mwaka 2006 na Michael Curran, Mwaustralia ambaye mwenyewe haoni, na ukiitumia unahisi kabisa kwamba aliyeitengeneza anaijua shida. Sauti yake ya Kiswahili ni ya mtu aliyebanwa pua, ila utaizoea. Tahadhari moja: mtu akiiacha kwenye sauti ya Kiingereza, nawe ukafungua desa la Kiswahili, utasikia fonolojia ya lugha yako ikisomwa na Mzungu aliyeshuka uwanja wa ndege jana. Fundi atakubadilishia. Mwambie akufundishe kubadilisha mwenyewe, maana Fundi hulala.

Mtihani ndio mahali wanapostahili kila sifa. UE, mtihani wa mwisho wa muhula, inafanyika kwenye chumba chao, maswali yako katika nukta nundu, dakika 15 za ziada kwa kila saa, na Perkins uliyoizoea ukijiandikisha mapema. Mwaka wa pili swali moja lilikuwa na jedwali, printa ikalikata safu ya mwisho. Nikanyoosha mkono. Fundi alilinakili upya kwa mkono, nukta kwa nukta, ndani ya dakika sita, na Mama akaandika muda uliopotea kwenye karatasi ili nirudishiwe. Nilirudishiwa dakika nane. Zile mbili nadhani zilikuwa za pole.

Ukimaliza, majibu yako yananakiliwa kwa maandishi ya kawaida ili mhadhiri asahihishe. Hiyo nayo ni kazi ya Fundi. Sasa muhula mmoja Fundi alikuwa likizo, akawekwa kijana wa kujitolea aliyesoma nukta nundu wiki mbili. Kwenye nukta nundu, e na i ni kama kandambili ya kulia na ya kushoto: nukta mbili mbili, zimelalia pande tofauti. Mimi nilikuwa nimeandika insha nzima juu ya tendi za Kiswahili. Ikafika kwa mhadhiri ikiwa tende. Tende za Kiswahili zilianzia pwani ya kaskazini. Tende nyingi zina beti zaidi ya mia. Mhadhiri, mzee wa Kipemba, akaandika pembeni: "Bila kahawa?" Alama 9 kati ya 20.

Niliposomewa nilicheka kabla sijalia. Mama alichukua karatasi yangu ya asili akaenda nayo hadi kwa mzee, akamsomea neno kwa neno kwa vidole, maana Mama naye anaisoma japo anaona, na nikarudishiwa 16. Kwa hiyo shika hili: omba karatasi zako za nukta nundu zihifadhiwe mpaka matokeo yatoke. Ukiomba wanahifadhi. Usipoomba zinaishia kwa mama wa vitumbua, anazipenda kwa unene wake.

Katika wasioona wanne tulioanza pamoja hakuna aliyedisko, yaani kuondolewa chuo kwa kufeli, na mimi sikupata sapu, mtihani wa marudio, hata moja. Hilo waandikiwe wao.

Kibao cha mlangoni, kwa mujibu wa walionisomea, kinasema "Mahitaji Maalumu na Ujumuishi". Hilo neno la mwisho bado ni rangi tu. Viziwi walikuwa saba na wakalimani wa lugha ya alama wawili, vipindi vikagongana daima. Rafiki yangu mmoja kiziwi, ambaye mazungumzo yetu yalikuwa yeye kuandika kwenye simu na simu kunisomea mimi, Saikolojia ya Elimu aliihudhuria nusu tu, zile siku ambazo mkalimani hakuhitajika mwaka wa tatu. Wenye ualbino wanapata mitihani ya herufi kubwa, na muhula wa kwanza waligawiwa kofia na Kilisun, ile losheni ya jua inayotengenezwa hospitali ya KCMC, Moshi. Mara moja. Jua likaendelea.

Lakini kisa kinachonikaa kooni si cha ulemavu. Bwenini tulikuwa na binti wa Kibarbaig kutoka Hanang, wa kwanza katika ukoo wao kufika chuo kikuu. Alikuwa anaamka saa tisa usiku kupambana na Kiingereza cha mihadhara, kamusi mapajani, tochi ya simu mdomoni. Kiswahili chenyewe alikutana nacho darasa la kwanza. Nikampeleka kitengoni, si kuna neno ujumuishi pale mlangoni? Fomu ikauliza aina ya ulemavu. Hana. Fomu ikaishia hapo. Mama aliona aibu, nilimsikia akipanga vikombe visivyohitaji kupangwa, akamimina chai. Na huyu ndiye mwalimu ambaye mtoto wa kule, anayeingia darasani hajui neno "kaa" wala "simama", angempata angeshukuru. Alimaliza, kwa sapu tatu na ukaidi wake mwenyewe.

Sasa BTP, yaani mazoezi ya kufundisha.

Sisi hatukwenda chuoni kufaulu mitihani, tulikwenda kusomea kazi. Kile kitengo kimejengwa chote, kuanzia printa hadi chai, kumfikisha mwanafunzi kwenye chumba cha mtihani. Hakuna aliyewahi kukaa akawaza kwamba huyu mwanafunzi asiyeona ataitwa mwalimu, atasimama mbele ya watoto wa watu. Mwisho wa mwaka wa kwanza na wa pili tunakwenda wiki sita za mazoezi ya kufundisha. Mwezi wa Mei nikauliza: nitapata mashine? Mali ya chuo haivuki geti. Kompyuta? Haivuki geti. Msomaji wa kunisaidia? Fedha za wasomaji ni za siku za masomo, na kwa mhasibu BTP ni likizo. Angalau barua ya kunitambulisha shuleni? Hiyo ipo, usijali, itatangulia.

Haikutangulia.

Nilipangiwa shule ya kata, mkoa wa Singida, moja ya zile zilizoota kila kona wakati wa MMES, ule mpango wa maendeleo ya elimu ya sekondari, kuanzia 2004. Tulifika Jumatatu, mimi na mwenzangu wa Jiografia aliyenishika mkono kutoka kwa bodaboda. Mkuu wa shule, mama mwenye sauti ya upole, alinyamaza ule unyamavu ambao asiyeona yeyote anaujua. Kisha akasema:

"Mwanangu, wewe ndiye mwalimu, au umemsindikiza huyu?"

"Mimi ndiye mwalimu, mama. Shikamoo."

"Marahaba. Karibu sana, karibu." Akavuta kiti. "Ila ubao utauandikaje?"

Simlaumu hata kidogo. Ipo Sheria ya Watu Wenye Ulemavu ya mwaka 2010, inayomtaka mwajiri mwenye wafanyakazi 20 na zaidi awe na wenye ulemavu angalau asilimia 3. Upo mkataba wa Umoja wa Mataifa ambao Tanzania iliuridhia mwaka mmoja kabla yake. Mezani kwa yule mama havikuwepo. Alichokuwa nacho ni Kidato cha Pili B, wanafunzi 74, na ubao.

Siku tatu za kwanza nilikaa ofisi ya walimu nikiwasikiliza wenzangu wanavyotoka na kurudi wakikung'uta chaki. Usiku mwenzangu ananijazia andalio la somo: mimi nasema, yeye anaandika, halafu saa sita ndipo anaanza la kwake. Azimio la kazi tulilimaliza na mshumaa. Notisi zangu mwenyewe niliandika kwa sleti na stailasi, bamba lenye vitundu na sindano yake, niliyopewa Buigiri nikiwa darasa la tatu. Kwa sleti unatoboa karatasi kwa nyuma, kutoka kulia kwenda kushoto, kila herufi kinyume, ili ukiigeuza isomeke mbele. Andika wiki sita za vipindi kwa namna hiyo uone. Kiganja kinaota sugu ya mpasua kokoto. Na muda wote huo Perkins sita zimekaa chuoni kabatini, chuo kimefungwa, hazina wa kumwandikia.

Siku ya nne nilikwenda kwa mkuu nikamwambia anipe kipindi kimoja, akae nyuma, kikiharibika nitarudi nyumbani mwenyewe. Akanipa. Akakaa. Baada ya pale hakuuliza tena habari za ubao.

Mtathmini kutoka chuoni alikuja wiki ya tatu, bila taarifa, kama kawaida yao. Nilikuwa na ngeli. Namna yangu ni hii: nakata manila vipande, mwenzangu anaandika nomino kwa kalamu nene, na mimi natoboa neno hilo hilo kwa nukta nundu kwenye pembe ya kadi. Kona nne za darasa ndizo ngeli: mlangoni A-WA, dirishani KI-VI, kwenye kabati LI-YA, nyuma kabisa U-ZI. Ukipewa kadi unakwenda kona yako na kutunga sentensi kwa sauti. Mimi najua umekosea kwa kusikia sauti imetokea wapi. "Kiti kimevunjika," dirishani, sawa. "Jicho linauma," kabatini, sawa. "Ulimi umeungua," mlangoni.

"Ulimi wa nani huo umekwenda kukaa na watu?"

Kicheko, na ulimi ukakimbilia nyuma kwa ndimi wenzake.

Kisha darasa likawa kimya, kimya cha ghafla. Monita akasema, "Madam, kuna mtu hajui aende wapi."

"Ana kadi gani?"

Hakuna aliyejibu. Nikanyoosha mkono, nikaletewa kadi, nikapapasa pembe. Kipofu. Wala sikuwa nimetega mtu. Nilitoboa nomino za ki- usiku, kichwa kimejaa usingizi, na hiyo ikapita pamoja na kikombe na kisu. Nikamrudishia.

"Umesimama wapi?"

"Katikati, Madam." Sauti yake ndiyo kwanza ilikuwa inavunjika, neno moja nene, moja jembamba.

"Kwa nini katikati?"

"Inaanza na ki, Madam. Kama kiti. Lakini..."

"Tunga sentensi."

Nilisikia kandambili zikisugua sakafu. "Kipofu a... anafundisha."

"Basi kona yako umeshaitaja. Nenda."

Akaenda mlangoni, kwenye A-WA. Dakika zilizobaki sikufundisha mimi. Walianza kunitafutia wenyewe: kiziwi, kiwete, kijana, kinyozi, kiongozi, wote wana ki- mbele na wote wanakataa kukaa dirishani. Binti mmoja akauliza inakuwaje kiti, kipofu na kiongozi wavae kiambishi kimoja. Sikuwa na jibu la kumtosha, nikamwambia hivyo. Kengele iligongwa wakiwa bado wanabishana.

Fomu ya tathmini ina kipengele cha matumizi ya ubao, alama 10. Nilipata 2. Kutazamana na wanafunzi, alama 5: sifuri. Zana nilipata zote, ushirikishwaji nilipata zote. Mtathmini alikuwa muungwana, alinisomea fomu mwenyewe chini ya mwembe, sauti chini. "Dada, nimetafuta mahali pa kuziweka hizi alama nimekosa. Fomu ndivyo ilivyo." Na zile mbili za ubao? Akasita. Alisema ubao ulikuwa umefutwa vizuri.

Nilirudi chuoni na malalamiko yangu hadi kitengoni. Mama alisikitika kweli, lakini BTP haiko chini yao, iko chini ya ofisi ya BTP. Ofisi ya BTP wakasema fomu ni moja kwa wote, na wenye ulemavu wako chini ya kitengo. Nilikwenda na kurudi wiki mbili, na kati ya ofisi hizo mbili upo ule mfereji.

Mwaka wa pili nilijitafutia shule mwenyewe, yenye wanafunzi wasioona ndani yake, na mambo yakawa mepesi: mashine zipo, walimu wameshazoea. Hapo nikaanza kusikia jipya: "Si ninyi wote mngepelekwa huko huko?" Hapana. Walimu wa elimu maalumu wanasomeshwa chuo cha Patandi kule Arusha na kwingineko, na wengi wao wanaona. Mimi nimesomea Kiswahili na Historia. Nataka Kidato cha Pili B, wale 74, na kelele zao.

Nyota mnazingoja ni hizi. Mtihani nne na nusu, nusu nimeikata kwa ajili ya tende. Madesa tatu. Ujumuishi mbili, na moja kati ya hizo ni chai. BTP moja, tena hiyo ni ya Fundi, aliyenitumia rimu ya karatasi nene kwa basi hadi Singida, kwa hela yake, na kondakta akaniletea hadi getini akidhani ni manila za harusi.

Ukichaguliwa pale, nenda, usiogope. Fika wiki ya kwanza kabla ya foleni, ujiandikishe Perkins namba mbili. Mfuate mhadhiri akupe faili la Word kabla hajatoa simu kupiga picha. Njoo na sleti yako. Barua ya BTP ichukue mwenyewe mkononi mwezi wa Mei, ina muhuri, na mtu akikuambia itatangulia mwambie utatangulia nayo. Jumatano mchana Mama huwa vikaoni.

Nilikuwa nimefika hapa nikampigia Fundi kumuuliza kama mfuniko umewekwa. Haujawekwa. Ila ana habari. Mwaka huu Mama alisaini fomu, mkuu wa idara akasaini, mlinzi wa geti naye akataka pa kusaini, na Perkins namba sita ikatoka kwenda BTP Kondoa na kijana wa mwaka wa pili. Imerudi wiki iliyopita imejaa vumbi la chaki hadi kwenye springi. Fundi alinilalamikia dakika kumi na mbili, salio langu, kwamba kuisafisha kumemla siku nzima, na bado ukiandika "lala" inatoka "baba".